Wauzaji wa maketi Lubumbashi, mnaua bodi za watu kwa tineri ya garaji

Wandugu, salamu zitakuja baadaye. Leo ni hasira tu.

Kuna wauzaji hapa mjini, duka silitaji, wanaomuuzia mtu boksi la maketi, yaani gari dogo la plastiki la kujiundia, la 1/24, na pale pale mezani wanamshikisha chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa tineri ya garaji (kiyeyushio cha kuzimulia rangi ya magari), pamoja na rangi ya magari iliyochanganywa kwa kukadiria. Wimbo wao ni mmoja: "Hii ndiyo inayopigwa kwenye Prado yenyewe, itashindwaje na mtoto wa Prado?" Bodi ikiharibika, eti mteja hana mkono. Mkono gani? Mmemuuzia plastiki na kitu cha kuyeyushia plastiki kwa bei moja!

Bodi ya maketi ni polistireni. Ni ndugu wa damu wa ile plastiki nyeupe nyepesi inayokuja imefunga televisheni mpya, ila ile imejazwa hewa. Asiyeamini achukue kipande chake akidondoshee petroli au hiyo tineri yenu. Kinajikunja, kinazama, kinabaki ute. Tineri ya garaji huwa na tolueni, asetoni na wenzao, na bodi ya maketi inaliwa nao vile vile. Inachelewa kidogo tu kwa sababu imeshikana. Bati la Prado halijali tineri, plastiki inajali. Hata gundi ya maketi inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo: inayeyusha kingo mbili, zinaungana, kisha kiyeyushio kinapotea hewani. Kwa hiyo kupiga rangi yenye tineri hiyo, ikiwa imelowana, juu ya plastiki tupu, ni kumwaga gundi juu ya boneti.

Na inavyoonekana ni hivi. Dakika ya kwanza boneti inang'aa vizuri mpaka unafurahi. Kisha mng'ao unavunjika, unaota mikunjo midogo kama ngozi juu ya maziwa yaliyochemka, hasa pale rangi ilipokusanyika: kwenye mfereji wa waipa, kuzunguka taa, kwenye mashimo ya grili. Ikikauka unaona nyufa nyembamba kama za sahani kuukuu. Ukipaka tena kuzificha, unalowesha nyufa upya na zinaingia chini zaidi. Halafu muuzaji anakuuzia kopo la pili!

Jambo la pili ni unene, na hapa ndipo fundi wa garaji na mtu wa maketi wanaachana kabisa. Kwenye 1/24 kila kitu zidisha mara 24. Rangi yenye unene wa milimita 0.1 kwenye maketi ni sawa na milimita 2.4 kwenye gari la kweli. Mwanya wa mlango kwenye gari ni kama milimita 5, kwenye maketi ni 0.2. Piga hesabu: tabaka nene la praima (rangi ya msingi), rangi na vanishi linaziba mwanya wote, na gari linakuwa kipande cha sabuni chenye magurudumu. Rangi ya metaliki nayo ni hivyo hivyo. Chembe zake zimesagwa kwa ajili ya gari kubwa. Kwenye gari la sentimita 18 zinaonekana kama mchanga wa mto.

La tatu, hili ni uvivu wa kusoma kopo. Makopo ya rangi ya Tamiya, kampuni ya maketi ya Japani, ya herufi PS ni ya polikaboneti, yaani zile bodi laini za magari ya rimoti, na hupigwa kwa ndani. Ya TS ndiyo ya maketi za plastiki ngumu. Mnaweka PS na TS kwenye rafu moja, mnauza kwa rangi ya kifuniko. Mtu anaomba nyekundu, anapewa nyekundu. Herufi mbili tu, mkubwa! Zimeandikwa mbele.

La nne: boksi zinakaa miezi chini ya bati, Oktoba hii ya Lubumbashi, nyingine zimefunguliwa "kuonyesha wateja" na kurudishiwa vitu ovyo. Matairi ya vinili yana mafuta ya kulainisha yanayotoka taratibu. Yakilala juu ya shada la vioo (shada ni fremu ya plastiki inayoshika vipande kabla hujavikata) au juu ya bodi, na joto likisaidia, yanachora alama ya meno yake ndani ya plastiki. Kioo cha mbele kikishaliwa na tairi ni kwaheri, hakuna msasa utakaokirudisha kikawa safi. Tairi liwe kwenye kimfuko chake. Hiyo ni gharama gani?

Sasa anayenunua, kabla dola haijatoka mkononi, fungua boksi mbele ya muuzaji. Akikataa, mwache na boksi lake. Kwenye karatasi ya maelekezo kuna picha ya mashada yote, A, B, C na kuendelea. Linganisha shada kwa shada. Vinavyopotea ni vidogo: shada la vibusha laini vinavyoshika magurudumu, ekseli za chuma, skrubu, lenzi za taa, karatasi ya stika za maji. Kipande chenye alama ya kutotumika kisikutishe, mashada mengi hutumika kwa matoleo mawili ya gari, na ndiyo maana mara nyingine unakuta dashibodi mbili, ya usukani wa kushoto na wa kulia. Kisha shika bodi uitazame kwa pembeni, uone kama paa limenyooka na kama nguzo nyembamba za kioo cha mbele hazina ufa. Bodi iliyopinda kidogo inarudi kwa maji ya moto yasiyochemka, unaishikilia mpaka ipoe. Nguzo iliyovunjika ni vita.

Na kama mnataka kuuza ushauri, uzeni huu. Osha mashada kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu yana mafuta ya kiwandani. Kwenye bodi tafuta mstari wa kalibu, unapita juu ya madigadi na kwenye nguzo za paa, uondoe kwa msasa 600 wenye maji kisha 1000 (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi). Mistari ya milango ipitie kwa mgongo wa wembe, mara tatu au nne kwa mkono mwepesi, KABLA ya rangi, kwa sababu rangi itaijaza tu. Praima ya maketi, kijivu kwa rangi nyingi, nyeupe au waridi chini ya nyekundu. Rangi ipigwe kwa umbali wa sentimita 20 hivi: vumbi jepesi la rangi, subiri dakika 10, vumbi la pili, halafu ndipo tabaka lililolowana. Anza kupuliza nje ya bodi na umalize nje ya bodi. Mtu anayeanzia juu ya boneti anaacha tone juu ya boneti.

Haya, wauzaji mliomo humu, jibuni.

---

boneti_wazi (Bukavu):

Yaya, mkubwa wangu, nakuunga mkono nusu. Tineri, sawa. Ila usiwafukuze watu kwenye rangi ya garaji yote, maana sisi huku kopo la laka, rangi ya kupuliza ya maketi, halipandi ndege kirahisi, ni gesi chini ya presha, na likifika bei yake inaliza. Rangi ya magari inafanya kazi kwenye maketi kwa masharti. Praima iwe imefunika kila mahali na imekauka siku mbili, kingo za ndani na mfereji wa waipa pia, kwa sababu uharibifu unaanzia pale praima ilipokosa. Halafu pistole ndogo ya kupulizia rangi, ya mdomo wa milimita 0.3, presha bar 1 hadi 1.4, na matabaka manne au matano ya vumbi kavu kabla ya kuthubutu kulowesha. Inayoua ni tabaka la kwanza lililolowana. Jaribu kwanza kwenye kijiti cha shada, kipo bure.

Vanishi ya magari ya vijenzi viwili ni habari nyingine. Inang'aa kweli, lakini kigumishi chake kina aisosaineti, kemikali yenye madhara kwa mapafu. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu, inatakiwa ya chujio la mvuke, na usiipige chumbani watoto wanamolala.

Na kwa wa Bukavu: mvua ikiwa inanyesha, laka usiiguse. Kiyeyushio kikiruka haraka kinapoza uso wa rangi, unyevu wa hewa unaganda juu yake, na nyeusi yako inakuwa maziwa. Ngoja jua la saa nne.

---

mtu_wa_waya (Lubumbashi):

Mmesahau "seti ya waya za plagi" wanayouza dola nzima. Waya wa milimita 0.8! Mara 24 ni zaidi ya milimita 19, hilo ni bomba la kumwagilia bustani juu ya injini ya V8. Waya wa plagi wa kweli una milimita 7 au 8, kwa hiyo tafuta 0.3. Mji wa shaba huu, mtu ananunua shaba! Fungua waya laini wa umeme, chomoa uzi, upime, ukiwa mwembamba suka miwili. Kwa V8 ni nyaya nane za plagi na mmoja wa koili. Toboa kifuniko cha distribyuta kwa ncha ya pini kabla hujakibandika, baada ya kukibandika kitazunguka kwenye vidole.

---

lava_nyeusi (Goma):

Ongezeni vioo. Muuzaji anampa mtu superglu kwa kila kitu. Mvuke wa superglu unaota ukungu mweupe kwenye kioo, kwa ndani, pale ambapo kitambaa hakifiki tena. Vioo na lenzi ni kole (gundi) nyeupe ya mbao, kidoto kwa kijiti cha meno, iliyozidi inafutika kwa maji.

Kromu yenye makovu ya kukatwa kwenye shada msiipake fedha juu. Izamisheni kwenye javeli ya kawaida ya nyumbani, ile dawa ya kung'arishia nguo, kromu inavuka yenyewe, mara nyingi ndani ya dakika chache. Osha, lainisha kovu, piga nyeusi inayong'aa, ikikauka vizuri ndipo rangi ya kromu.

Na sisi wa Goma, vumbi letu ni jiwe la lava lililosagwa. Chembe moja chini ya msasa 2000 inachora mstari ambao hata 1000 inahangaika kuutoa. Badilisha maji ya msasa kila mara, na bodi iliyopigwa rangi ifunike kwa beseni mara moja.

---

leki_wa_1_24 (Lubumbashi):

Wakubwa, boneti ikishaota hiyo mikunjo ya maziwa, inaokoka au ni ya kutupa?

---

Mwanzisha uzi:

Leki, mdogo wangu, kwanza iache. Kiyeyushio bado kiko ndani ya plastiki, ukisugua leo unasugua jibini. Wiki mbili mahali pakavu. Kisha msasa 400 wenye maji uliofungwa kwenye kipande bapa, usitumie kidole, kidole kinachimba bonde. Shuka mpaka nyufa zipotee, endelea na 600, chora upya mistari ya mlango na boneti, praima, uangalie kwa mwanga wa pembeni. Zikionekana tena, rudi 400. Nembo na vishikio vya milango vikiwa vimeyeyuka, vikate vyote na utengeneze vipya kwa kijiti cha shada: kipashe moto juu ya mshumaa bila kugusa mwali, kikilegea kivute, unapata uzi wa unene unaotaka.

Bukavu, masharti yako nayakubali. Lakini yaya, umeandika mistari saba ya masharti. Anayeuza chupa ya nusu lita hajawahi kusema hata mmoja.

Kama kioo nacho kimeguswa na tineri, hapo usijisumbue. Mrudishie muuzaji boksi na chupa yake.