Je, wakfu wa familia ni sadaka?

Ndugu wanajukwaa, babu yetu aliacha nyumba ya matumbawe, mlango wake ungali na nakshi, akaiweka wakfu, yaani mali iliyotengwa kidini ili mapato yake yawafae waliotajwa, akaandika kuwa kodi yake iwalishe wajukuu na, wakiisha, maskini wa mtaa. Mwanasheria mmoja ametuambia kuwa mpango huo si wa hisani. Sheria na dini zinatofautiana wapi?

Jibu la 1
Tofauti hiyo ina historia. Mwaka 1894 Baraza la Privy, London, mahakama ya mwisho ya rufaa ya makoloni ya Uingereza, likiamua shauri kutoka India, lilibatilisha wakfu ambao maskini wangefaidika baada tu ya kizazi kukatika, kwa kuwa majaji waliona fungu lao ni la kinadharia mno. Kwa fikra za Kiingereza, kumlisha mwanao hakuhesabiwi hisani. Kwa mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, matumizi ya mtu kwa jamaa zake ni sadaka. India ilirekebisha jambo hilo kwa sheria ya mwaka 1913.

Jibu la 2
Nakubaliana na mwenzangu, ila tusiwalaumu majaji peke yao. Wapo waliotumia wakfu kuwanyima mabinti mirathi, na wanazuoni wenyewe walilikemea hilo.

Muulizaji
Ahsanteni. Kwetu mabinti hawakunyimwa: hati inawataja shangazi zetu kwa majina. Na paa je, limebomoka: twaweza kuuza?

Jibu la 1
Kwa Washafii, madhehebu ya Kisuni ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi pwani, kuuza ni kugumu sana. Madhehebu mengine, Wahanafi na Wahanbali, wana nafasi ya kubadilisha mali ya wakfu kwa nyingine. Mwoneni kadhi kabla ya dalali.