MJADALA: Kijana wa miaka 18 akiua kwa amri, hatia ni ya nani?

Wadau, kila vita inapozuka tunahesabu maiti, majeruhi na wakimbizi, kisha tunawapigia makofi waliorudi wazima. Wazima kwa kuwatazama. Mimi naomba tujadili kinachobaki ndani ya kijana aliyekabidhiwa bunduki kabla hata hajajijua. Yale aliyoyafanya kwa amri, mzigo wake aubebe nani?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: sehemu kubwa ni ya waliomtuma, na tunamwonea tukimwachia peke yake.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Moja ni hofu. Mlango ukibamizwa anaruka, usiku anaota mizinga, akiingia penye watu wengi macho yanatafuta pa kutokea. Hiyo madaktari wameihangaikia tangu Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza ugonjwa huo rasmi katika orodha yao. Jambo la pili ni hatia, na hatia si ugonjwa. Huyu hatetemeki, anasutwa. Anamkumbuka mtu aliyempiga risasi akiwa amenyoosha mikono juu, au anakumbuka alivyonyamaza mwenzake alipofanya hivyo. Jonathan Shay, daktari wa akili aliyewatibu wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam, alilieleza kama jeraha la dhamiri, na katika maelezo yake kuna jambo lililonikaa moyoni: jeraha hilo hutokea pale mwenye mamlaka anaposaliti lililo haki wakati maisha ya watu yako hatarini. Kwa hiyo anayemjeruhi kijana si adui tu. Mkubwa wake naye yumo.

Najua jibu litakalokuja kwanza: ana miaka 18, anapiga kura, ana akili zake. Mwenye hoja hiyo ana ushahidi mzuri, nami nitamletea mwenyewe. Tarehe 16 Machi 1968, huko My Lai, Vietnam, askari wa Marekani waliua mamia ya raia wasio na silaha. Vietnam inahesabu 504. Wengi walikuwa wanawake, watoto na wazee. Rubani wa helikopta, Hugh Thompson, alitua katikati ya askari na wanakijiji waliokuwa wakikimbia, akawaagiza wenzake wawili wawafyatulie risasi askari wa jeshi lao wenyewe endapo wangeendelea kuua. Mmoja wa hao wawili, Lawrence Colburn, alikuwa na miaka 18.

Basi mtasema, si umeona, dhamiri haingoji ndevu. Mimi kisa hiki nakisoma vingine. Colburn alikuwa na mkubwa aliyemwamuru aokoe. Vijana wa rika lake waliokuwa ardhini na luteni William Calley walikuwa na mkubwa aliyewaamuru waue. Thompson na Calley wote walikuwa na miaka 24.

Sisemi waliofyatua hawana lao. Wapo askari waliokataa siku ileile, kwa hiyo njia ya kukataa ilikuwepo. Ila kijana huwekwa makusudi mahali ambapo kukataa ni kugumu kuliko kuua. Samaki mkunje angali mbichi, na majeshi yanalijua hilo vizuri. Shabaha za mazoezi hupewa umbo la mtu, amri hurudiwa mpaka mkono utangulie akili, na kusita huhesabiwa udhaifu. Mafunzo ya kumvalisha gwanda yana ratiba ya kila saa. Ya kumvua hayana hata nusu yake.

Na lawama ilipanda mpaka wapi? Calley alitiwa hatiani mwaka 1971 kwa mauaji ya watu 22, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaishia kutumikia miaka michache, mingi akiwa kifungo cha nyumbani. Juu yake hakuna mkubwa hata mmoja aliyetiwa hatiani kwa mauaji yale. Thompson na wenzake walipewa nishani mwaka 1998, miaka 30 baadaye. Mmoja wao, Glenn Andreotta, alikuwa ameuawa vitani wiki tatu tu baada ya siku ile. Hapo ndipo ninapokasirika kweli.

Hoja inayonisumbua ni ya nchi iliyovamiwa. Adui yuko mlangoni, utachaguaje umri? Lakini hata hapo inawezekana. Ukraine, ikiwa vitani, ilishusha umri wa kuandikishwa kwa lazima Aprili 2024 kutoka miaka 27 hadi 25, si hadi 18. Anayetaka kwenda kwa hiari akiwa na 18 anaruhusiwa. Najua moja ya sababu ni kwamba kizazi hicho ni kidogo kwa idadi na nchi inakihitaji kesho. Hata hivyo inaonyesha kuwa miaka 18 si sheria ya maumbile; ni uamuzi wa watu wazima.

Kwa hiyo wanaotetea kuwapeleka vitani vijana wa miaka 18 naomba wanijibu hili. Kijana akirudi na kusema "niliua mtu ambaye hakustahili kufa", nanyi ndio mliomtuma, ni nani kati yenu atakayeketi naye na kumwambia "tulikuwa wote"? Na je, atakuwa tayari kuyasema hayo mbele ya mahakama?