Tupeane uzoefu: Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu tunachokipenda na mwandishi tusiyekubaliana naye

Mleta mada
Wadau, H. Rider Haggard alikitoa kitabu hiki, kisa cha wazungu watatu wanaovuka jangwa na milima ya Afrika hadi kwenye hazina ya Mfalme Sulemani, mwaka 1885, na tafsiri ya Frederick Johnson ikatoka 1929. Hadi leo ukikianza hukiweki chini. Lakini Haggard alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kule Natal, Afrika Kusini, na mwaka 1877 alishiriki kupandisha bendera ya Uingereza Pretoria. Aliyoyaamini kuhusu Mwafrika yamo humo humo ndani ya kisa. Mnakisomaje na watoto? Leteni hatua zenyewe, sura kwa sura.

Mkutubi
Kinachoharibu kwanza ni kuruka kurasa kimyakimya. Mtoto akinogewa atakirudia peke yake, na pale mlipoficha atapakuta bila mtu wa kumuuliza. Cha pili ni kumhutubia kabla hata ya sura ya kwanza. Anaanza kusoma akiwinda makosa, na ile kiu ya jangwani haimpati tena. Mwacheni asafiri kwanza na Quatermain, msimulizi wa kisa.

Sura 2 kwa jioni zinatosha. Kiingereza chake kina sura 20, kwa hiyo ni kama siku 10. Ila sura ya 17 isomeni peke yake. Humo Gagool, mchawi kikongwe, anamchoma kisu Foulata, binti Mwafrika aliyefuatana na wazungu, kisha mlango wa jiwe unashuka na kumponda Gagool mwenyewe. Foulata, akiwa anakata roho, anatiwa kinywani maneno kwamba jua haliwezi kuoana na giza, wala mweupe na mweusi. Msimulizi naye anakuja kusema kwamba kifo chake kiliepusha matatizo.

Hapo weka kidole kwenye ukurasa, uliza swali moja tu: "Maneno haya ni ya Foulata au ya Haggard?" Halafu nyamaza. Usimjibie. Mtoto wa miaka 11 au 12 atakumbuka kwamba binti huyu ndiye aliyemuuguza Good, mmoja wa wale wazungu, homa ilipombana, akakaa naye bila kulala. Akiliunganisha hilo mwenyewe, ataona mkono wa mwandishi ukimwondoa binti njiani. Ukimwambia wewe, atalisahau kesho.

Mwalimu wa historia
Mkutubi amenena vema. Mimi naongeza la mawe. Kitabu kinataka tuamini kuwa ile barabara kuu na masanamu yale ni kazi ya wageni wa kale. Wazungu wengi enzi zile waliisemea Zimbabwe Kuu, yale magofu ya mawe nchini Zimbabwe, vivyo hivyo. David Randall-MacIver aliichunguza 1905, Gertrude Caton-Thompson akachimba 1929, mwaka ule ule wa tafsiri yetu, na wote wawili wakathibitisha kuwa ni kazi ya Waafrika wenyewe. Mkifika kwenye barabara, wekeni mezani picha ya ukuta mkubwa wa Zimbabwe Kuu: unafika mita 11 kwenda juu, mawe yamepangwa bila chokaa. Dakika 5 zinatosha, mrudi kwenye hadithi.

Mpenda vitabu vya zamani
Angalizo dogo kwa wenye nakala mbili za Kiingereza. Pale wazungu wanapotumia kupatwa kama ishara ya uwezo wao mbele ya wenyeji, katika matoleo ya mwanzo ni jua linalopatwa. Ya baadaye ni mwezi. Msidhani ni kosa la uchapaji. Haggard alikuwa ameweka mwezi mpevu karibu mno na kupatwa kwa jua, jambo lisilowezekana, kwa kuwa jua hupatwa mwezi ukiwa mwandamo. Akabadilisha.

Mkutubi
Ahsante ndugu, hilo watoto hulipenda sana.

Nimalizie na sura ya 19, na tafadhali msiipite mbiombio. Ignosi, Mwafrika aliyesafiri nao na sasa ni mfalme, anaagana na wale wazungu watatu. Anawaambia hataruhusu mzungu mwingine kuvuka milima, hataki wafanyabiashara wa bunduki na pombe, wala wahubiri wa kuwatengenezea njia wengine. Wakija kwa jeshi kutafuta mawe yang'aayo, atapigana nao. Mkutano wa Berlin, wa mataifa ya Ulaya kuhusu kugawana Afrika, ulimalizika Februari 1885, na kitabu kikatoka mwaka huo huo. Haggard yule yule wa bendera ya Pretoria ndiye aliyeyaandika haya. Mpeni mtoto sehemu ya Ignosi aisome kwa sauti, akiwa amesimama; mkubwa asome ya Quatermain, akiwa ameketi.