Gego lililotibiwa mzizi limeanza kuuma tena: kosa ni la nani?

Swali
Ndugu zangu, miezi minane iliyopita nilitibiwa mzizi wa gego la kwanza la juu, maumivu yakaisha, na jino likazibwa kwa kizibo cha muda ambacho, nakiri, sikurudi kukibadilisha. Sasa nikitafuna upande ule nahisi jino limechomoza kuliko wenzake, na kwenye ufizi kumeota kijipu kinachotoa usaha. Je, daktari alikosea, nilikosea mimi, au matibabu haya hayadumu?

Jibu la 1
Pole sana. Mimi ni daktari wa meno, na nakuhakikishia kwamba jino lililotibiwa vizuri hudumu miaka mingi. Jino ambalo kiini chake, yaani nyama laini yenye neva iliyo ndani ya jino, kingali hai hufanikiwa zaidi kuliko lile ambalo bakteria wamekwisha kula mfupa kwenye ncha ya mzizi, hali inayoonekana kwenye eksirei kama doa jeusi. Aidha, gego hilo kwa kawaida lina mizizi 3, lakini mara nyingi mifereji, yaani njia nyembamba zilizo ndani ya mizizi, ni 4, na huo wa nne ni mwembamba kiasi kwamba usipotafutwa kwa makusudi huachwa na bakteria wake ndani. Ujazo nao, yaani kile kinachojazwa kwenye mifereji ikishasafishwa, unatakiwa ukaribie ncha ya mzizi, usipungue kwa zaidi ya milimita 2 wala usipitilize nje. Hata hivyo, mimi ningeanza kukishuku kizibo chako: kile ni cha wiki chache tu, na kikianza kupitisha mate, mifereji iliyosafishwa kwa uangalifu wote ule huchafuka upya.

Jibu la 2
Niongeze jambo moja kama mgonjwa. Mara ya kwanza sikufunikwa ule mpira mwembamba unaolitenga jino na mate, na ladha ya dawa ya klorini ilinijaa mdomoni, jino likaharibika. Liliporudiwa kwingine, jino pekee ndilo lililochomoza kwenye mpira, na hadi leo limetulia.

Mwuliza swali
Ahsanteni. Je, langu bado linaweza kuokolewa?

Jibu la 1
Mara nyingi ndiyo, kwa kufungua na kusafisha upya, isipokuwa mzizi ukiwa umepasuka kwa wima, ambapo hung'olewa. Likirudiwa, livishwe taji, yaani kifuniko kigumu cha jino, mapema, kwa kuwa gego lililotobolewa huvunjika kwa urahisi. Kisha upigwe eksirei baada ya mwaka mmoja. Doa likiwa limepungua bila kwisha, usikubali ling'olewe kwa haraka, kwani mfupa huweza kuchukua hadi miaka 4 kujijenga.