Florida: muda wa watoto ukiwa nusu kwa nusu, matunzo yanakoma?

MzaziTampa

Wakuu habari. Nahitaji majibu ya watu wanaozijua sheria za Florida kwa undani, maana maneno ya mtaani yamekuwa mengi.

Amri ya talaka ilitoka 2021. Watoto ni wawili, wa miaka 7 na 10. Baba anawachukua wikiendi moja ndani ya kila wiki mbili, ukijumlisha na likizo inafika usiku 73 kwa mwaka. Yeye ndiye mlipaji, dola 1,200 kwa mwezi. Mapato yake baada ya makato ni kama 4,000, ya mama 1,000.

Sasa inasemwa kwamba tangu 2023 kila mzazi ana haki ya nusu ya muda moja kwa moja, na wakishagawana nusu kwa nusu hakuna wa kumlipa mwenzake. Je, amri ya 2021 imebadilika yenyewe? Halafu kuna jambo la pili: mwajiri amepunguza saa za baba, atabaki na kama 3,000, na wazazi wamekubaliana kwa meseji alipe 800 mpaka hali itengemae. Inatosha? Na mama akipata kazi Georgia inakuwaje?

---

KaraniwaZamu

Nianze na hiyo ya "moja kwa moja", ndiyo inayopoteza watu wengi.

Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2023 inamtaka jaji aanze na dhana kwamba muda sawa kwa sawa ndio unaomfaa mtoto. Dhana hiyo inapingika. Asiyeitaka ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha, kwa uzito wa ushahidi, kwamba kwa mtoto huyu haifai. Na jaji bado anapaswa kuvipima vigezo vya maslahi ya mtoto vilivyomo kwenye kifungu 61.13, akaandika alichokiona. Kwa hiyo ni mahali pa kuanzia tu, kesi haijaisha hapo.

Amri ya 2021 iko palepale. Kuifungua lazima kuwe na mabadiliko makubwa ya hali, kisha uonyeshe kwamba mpangilio mpya una manufaa kwa mtoto. Kutungwa kwa sheria mpya peke yake hakufungui faili. Kilicholegezwa 2023 ni kwamba huhitaji tena kuthibitisha kuwa mabadiliko hayo hayakutarajiwa. Zamani neno hilo liliangusha maombi mengi. Pia ikiwa wazazi walikuwa wanaishi mbali, zaidi ya maili 50, kisha mmoja akahamia ndani ya maili 50 za mwenzake, sheria sasa inaruhusu hilo lihesabiwe kuwa mabadiliko makubwa.

Ombi la kubadilisha muda hutumia fomu 12.905(a), la kubadilisha kiasi cha matunzo hutumia 12.905(b). Watu huchanganya hizi mbili kila siku. Ukijaza (b) huku unataka siku zaidi, utasikilizwa habari ya pesa tu. Na Idara ya Mapato ya Florida, ambayo ndiyo husimamia ukusanyaji wa matunzo, haishughulikii ugomvi wa siku. Usiende kwao na kalenda.

Jambo jingine linalokwamisha: mwenzako lazima akabidhiwe hati za ombi hili mkononi kwa utaratibu rasmi. Kumtumia picha kwa simu si kukabidhi. Akishakabidhiwa ana siku 20 za kujibu, na ndani ya siku 45 tamko la mapato linapaswa kuwa limebadilishanwa. Mapato ghafi yakiwa chini ya dola 50,000 kwa mwaka jaza fomu fupi 12.902(b), yakizidi jaza ndefu 12.902(c).

---

HesabuKwanza

Nachukua la pesa. Jibu fupi: hapana, nusu kwa nusu haifuti matunzo isipokuwa mapato nayo yakaribiane.

Florida ina jedwali kwenye kifungu 61.30. Unajumlisha mapato halisi ya wazazi wote wawili, jedwali linakupa mahitaji ya watoto kwa mwezi. Nitatumia 1,500 kurahisisha hesabu, wewe utoe namba kamili kwenye jedwali lenyewe. Kwa 4,000 na 1,000, baba ana 80% na mama 20%. Hesabu ya kawaida: 80% ya 1,500 ni 1,200.

Mzazi mwenye muda mdogo akifikisha 20% ya usiku kwa mwaka, yaani usiku 73, hesabu inabadilika. Mahitaji yanazidishwa mara 1.5 kwa sababu kuna nyumba mbili zinazolisha na kulaza watoto. 1,500 inakuwa 2,250. Fungu la baba ni 1,800, la mama 450. Kisha kila fungu linazidishwa na asilimia ya usiku ambao watoto wako kwa mwenzake, na tofauti ndiyo inayolipwa.

Nusu kwa nusu: baba 900, mama 225. Baba analipa 675. Hiyo ndiyo "sifuri" ya mtaani.

Sasa tazama usiku 73. Baba 1,800 × 80% = 1,440. Mama 450 × 20% = 90. Tofauti ni 1,350. Umeiona? Kwa fomula hii ya kuanzia usiku 73 analipa zaidi ya zile 1,200. Watu wengi, wakiwemo wanaolipwa kwa kazi hii, hudhani kuvuka usiku wa 73 lazima kupunguze. Kwa mzazi mwenye sehemu kubwa ya mapato, mwanzoni inaweza kupanda.

Ukifinyanga fomula inabaki hivi: (asilimia ya mapato yako kutoa asilimia ya usiku wako) × 1.5 × mahitaji. Kwa namba hizi kila usiku mmoja kwa mwaka unashusha malipo kama dola 6.16 kwa mwezi, na baba anaanza kushuka chini ya 1,200 akifika kama usiku wa 98. Jaji anaweza kutoka nje ya fomula akiwa na sababu, lakini usiingie mahakamani ukitegemea huruma wakati hesabu hujaifanya.

Bima ya afya na malipo ya kulelewa watoto mchana huongezwa juu, kwa asilimia zilezile za mapato. Aliyelipa bima moja kwa moja anapata afueni yake ndani ya hesabu, si kwa kudai risiti baadaye.

---

MzaziTampa

Asante sana, hiyo ya usiku 73 sikuijua kabisa. Nauliza tena: baba akipewa usiku 182 kwenye karatasi ili kiasi kishuke, halafu watoto wakawa hawalali kwake?

---

HesabuKwanza

Florida imeliwahi hilo. Mzazi asipotumia mara kwa mara muda aliopangiwa, na mwenzake si chanzo cha yeye kutoutumia, hiyo ni sababu ya kubadilisha matunzo. Na mabadiliko yanarudi nyuma mpaka tarehe alipoanza kukosa, hayaanzii tarehe ya ombi. Mtu anaweza kujikuta anadaiwa tofauti ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mama awe na daftari: tarehe, saa ya kukabidhiana, nani alilala wapi. Meseji ya "wiki hii sitaweza" ihifadhiwe kama ilivyo, na tarehe yake ionekane.

---

DeniHalilali

Hakuna aliyegusa makubaliano ya 800, na ndilo jambo la haraka kuliko yote.

Makubaliano ya meseji hayabadilishi amri. Kila tarehe ya malipo ikipita bila 1,200 kukamilika, 400 iliyobaki inakuwa deni lenye nguvu ya hukumu, siku hiyohiyo. Hii ni sheria ya serikali kuu ya Marekani tangu 1986, jina lake la mazoea ni marekebisho ya Bradley, na majaji wa majimbo yote wamefungwa nayo: deni lililokwisha kuiva halifutwi wala kupunguzwa kwa kurudi nyuma. Jaji anaweza kushusha kuanzia pale ombi lilipowasilishwa na mwenzako kuarifiwa. Kwa hiyo miezi sita ya "tulikubaliana" ni dola 2,400. Deni likizidi dola 2,500 Idara ya Mambo ya Nje inaweza kukataa kutoa au kuongeza muda wa pasipoti. Ukitaka kusafiri kwenda nyumbani kuzika utalijulia uwanja wa ndege.

Saa zikipunguzwa Jumatatu, ombi liwasilishwe wiki hiyohiyo. Barua ya mwajiri inayosema amepunguza yeye, iambatishwe. Mahakama ikiona mtu amejipunguzia saa kwa hiari, itamhesabia mapato anayoweza kupata, na siyo anayopata.

Ila kuna mtego. Ombi la kawaida linapita kama tofauti kati ya kiasi cha sasa na cha fomula ni angalau 15% au dola 50, kubwa kati ya hizo. 15% ya 1,200 ni 180. Tukipiga hesabu ya baba mwenye 3,000 na mama 1,000, na tuseme jedwali linatoa 1,250, kwa usiku 73 inakuja kama 1,031. Tofauti ni 169. Imekwama kwa dola 11.

---

KaraniwaZamu

@DeniHalilali hapo ongeza hili. Kesi ikiwa mikononi mwa Idara ya Mapato na imepita miaka mitatu tangu amri itolewe au ipitiwe mara ya mwisho, kipimo kinashuka: 10%, isipungue dola 25. 10% ya 1,200 ni 120, kwa hiyo hiyo 169 inapita. Amri ni ya 2021, miaka mitatu imekwisha. Baba aombe mapitio kwa maandishi kwao, na asiwe anasubiri simu.

---

DeniHalilali

Kweli, hilo nililiruka. Lakini mapitio ya idara yana mwendo wake, na deni halisubiri. Aulize kabisa tarehe gani kiasi kipya kitaanza kuhesabiwa. Kama ni ya mbali, fomu 12.905(b) mahakamani ni salama zaidi. Asiye na uwezo wa ada aombe kwa karani fomu ya kutambuliwa kuwa hana uwezo.

Mengine kwa kifupi. Malipo yapite kwenye kituo cha malipo cha jimbo. Pesa taslimu, viatu vya shule, kutuma kwa simu, hivyo vyote vinaweza kuhesabiwa zawadi na deni likabaki vilevile. Na makato ya mshahara yana kikomo cha kitaifa: 50% ya mapato baada ya makato ya lazima kama mlipaji ana mwenzi au mtoto mwingine anayemtunza, 60% kama hana, na 5% zaidi kama deni lina zaidi ya wiki 12. Ukiona mwajiri anakata kupita hapo, amekosea. Mpelekee idara ya mishahara hesabu hiyo kwa maandishi.

---

MpakawaJimbo

La Georgia nalijibu mimi.

Akihama na watoto umbali wa maili 50 au zaidi kutoka anapoishi, kwa siku 60 mfululizo au zaidi, na si likizo, masomo wala matibabu, hicho ni kifungu 61.13001. Njia ni mbili. Ama makubaliano ya maandishi yaliyosainiwa na wote, yenye ratiba mpya ya kuonana na mpango wa usafiri, kisha mahakama iyathibitishe. Ama ombi la kuhama lenye anwani, tarehe na sababu, na kama ni kazi, barua ya kazi iambatishwe. Baba akikabidhiwa ana siku 20 za kupinga. Asipopinga, kwa kawaida kuhama kunaruhusiwa. Mama akiondoka kimya, jaji anaweza kuamuru watoto warudishwe, na kuondoka huko kukahesabiwa dhidi yake kwenye uamuzi wa muda.

Mamlaka sasa. Maadamu baba amebaki Florida, mahakama ya Florida inabaki na kauli juu ya muda na juu ya pesa. Georgia haiwezi kuandika upya kwa sababu tu watoto wamefikisha miezi sita huko. Miezi sita ya "jimbo la nyumbani" hutumika kwenye amri ya kwanza, na watu huinukuu pasipohusika. Wote wakihama Florida, hapo mlango unafunguka, lakini anayetaka kubadilisha kiasi kwa kawaida husajili amri katika jimbo anakoishi mwenzake, si kwake mwenyewe.

Na muda wa kulipa unafuata jimbo lililotoa amri: Florida ni miaka 18, au hadi mtoto amalize sekondari kama atamaliza kabla ya kutimiza 19. Mississippi ukomo ni 21. Kuhamia huko hakumwongezei mtu miaka mitatu, na kuhama kutoka huko hakuipunguzi.

---

MzaziTampa

Nimepata. Fomu ya 12.905(b) inachapishwa leo, na barua kwa Idara inaandikwa. Swali la mwisho: hizo 400 za mwezi uliopita zilizopungua, mama akisema hazidai?

---

DeniHalilali

Aseme kwa maandishi yaliyosainiwa, yafikishwe mahakamani, jaji aandike amri. Na kama mama au watoto walipokea msaada wa fedha wa serikali katika miezi hiyo, hana mamlaka ya kusamehe peke yake, kwa sababu sehemu ya deni inaweza kuwa ya jimbo. Aulize hilo kwanza kabla hajasaini chochote.