Acheni kutunyima saiti kwa kisingizio cha "kutuhurumia"!

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira, mtanivumilia.

Mimi ni mhandisi ujenzi, niko kampuni moja ya ukandarasi hapa Dodoma mjini. Jina silitaji, bado nala hapo hapo. Wiki hii imebandikwa ratiba ya saiti Kondoa. Vijana wawili niliowapokea mimi mwenyewe wakiwa mafunzo kwa vitendo, nikawaelekeza hadi kusoma michoro, wamo. Mimi simo. Nikamfuata meneja mradi. Jibu: "Dada yangu, una mtoto mdogo, kule vumbi na baridi, tumekuhurumia."

Nani kaomba huruma? Mwanangu ana bibi yake Nzuguni, na baba yake yupo. Meneja mwenyewe ana watoto wanne, hajawahi kuulizwa nani anawalea akiwa Mpwapwa wiki mbili.

Kwa wasioijua hii kazi: saiti ndiko kuliko na hela. Mshahara wangu na wa hao vijana ni ule ule kwenye karatasi, ila wao wakirudi wana posho ya kujikimu, mimi nina ankara za saruji. Na si posho tu. Ili Bodi ya Usajili wa Wahandisi ikusajili kuwa mhandisi mtaalamu, lazima uonyeshe kazi ulizofanya. Nitaonyesha nini, mafaili? Halafu nafasi ya juu ikitokea utasikia "hana uzoefu wa saiti". Uzoefu si mmeukalia ninyi!

Kisingizio kingine ni choo. Eti saiti hakuna choo cha wanawake. Jamani, mtu anayejenga makalavati ashindwe kuchimba shimo la pili na kuzungushia mabati? Na mama ntilie wanaowapikia pale kila siku, mnadhani wao wanajisaidia wapi? Buti za stoo zenyewe zinaanzia namba 42. Zangu nimenunua Majengo kwa hela yangu.

Kwenye vikao, muhtasari naandika mimi. Kila kikao. Kama vile kalamu zinawakataa wanaume.

Najua kuna mdau anakuja na "rais mwenyewe mwanamke, mnataka nini tena". Mama Samia yupo madarakani tangu Machi 2021, hongera zake, ila ratiba ya saiti haipangwi Ikulu Chamwino.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa jinsia, ujauzito na hali ya ndoa, na inamlinda hata anayeomba kazi tu (ninyi mnaouliza kwenye usaili "unaolewa lini", mmesikia?). Ukishaonyesha dalili za kubaguliwa, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Kifungu cha 33 kinatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 kwa mapacha, na hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku ndani ya muda wa kazi. Hizo saa mbili bosi wetu anaziita "kutoroka".

Dada zangu, mkiambiwa "tumekuhurumia" msiishie kununa na kulalamika jikoni. Andika barua pepe siku hiyo hiyo: "Kama tulivyoongea leo, umeniondoa saiti kwa sababu nina mtoto mdogo." Aikane kwa maandishi. Mimi yangu nimeshaituma, nakala kwa ofisa rasilimali watu. Dai ratiba ya zamu iandikwe, saiti na muhtasari vyote vizunguke. Wakigoma, nenda chama cha wafanyakazi, kwa sisi wa ujenzi TAMICO ipo, kisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Msichelewe: ukiachishwa kazi una siku 30 tu za kufungua mgogoro, migogoro mingine siku 60.

Meneja hajajibu mpaka sasa, ila ofisini salamu zimepungua ghafla. Aliyewahi kufungua shauri la namna hii CMA hapa Dodoma naomba aje aseme: ushahidi gani walikubali, na uliendelea vipi na kazi baada ya hapo?