Tupeane uzoefu: kuhama nyumba kubwa kwenda ndogo, hapa Lamu

Mwanzisha mada
Assalamu alaikum jamaa. Mada ni kuhama nyumba ya mawe ya Mkomani kwenda vyumba viwili vya matofali Wiyoni, Kashmir au ng'ambo Mokowe. Wenye ujuzi watupe vipimo na makosa ya kuepuka.

Fundi seremala, Langoni
Waalaikumu salaam. Shika futi kwanza, na anza kupima kule uendako: upana wa mlango, kimo cha dari, kona ya ngazi, na pale kichochoro kinapobana zaidi. Vyumba vya kale ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki upana mkubwa, takriban mita 3 hivi. Samani zake zikapangwa kufuata ukuta mrefu. Katika chumba cha mita 3 kwa 3, ukitia samadari (kile kitanda kikubwa cha kizamani) na kasha, mlango haufunguki vizuri.

Kabati ndilo huwadanganya watu. La kimo cha sm 200 na kina cha sm 60 hupita mlangoni limelazwa, lakini kulisimamisha kunataka dari ya sm 209, maana pembe hadi pembe ni ndefu kuliko kimo. Dari ikiwa sm 205 limekwama. Lifungue vipande nje, uliunge ndani likiwa wima.

Samadari: kabla ya kuifungua, tia alama ya chaki kila kiungo, namba ileile kwenye ulimi (ncha ya mti inayoingia) na kwenye tundu lake. Gonga kwa nyundo ya mti. Ulimi ukikataa kutoka, usilazimishe. Tafuta kijiti kilichoushikilia, ukitoe. Mguu ukimwaga unga laini, wadudu wamo: tibu kwanza, la sivyo watahamia kwenye fremu za nyumba mpya.

Mlango wa nakshi uache ulipo. Uliochongwa kabla ya 1946 unalindwa na sheria ya makavazi na turathi ya 2006. Ongea na Makavazi ya Kitaifa kabla hata ya kulegeza bawaba.

Nahodha, gatini
Wa kwenda Mokowe watazame mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana, mashua ikakaa chini kabisa ya gati, na friji kuteremshwa hapo ni hatari kwa hamali. Pakieni maji yakikaribia kujaa. Saa hiyo husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo msifuate saa ya jana. Vizito chini katikati, magodoro juu ndani ya turubai. Mtungi wa gesi uondolewe regyuleta, usimame wima.

Mwanzisha mada
Na friji likilazimika kulazwa, nahodha?

Nahodha, gatini
Mafuta ya kompresa hukimbilia kwenye mabomba. Likifika lisimamishwe, ungoje siku nzima ndipo uliwashe. Na lizimwe siku moja kabla ya safari, barafu yote iyeyuke, maji yamwagwe.

Bi. wa jikoni, Mkomani
Sahani zifungwe moja moja kwa kanga kuukuu, zisimamishwe kwa ubavu. Zikilazwa, uzito wote huishia kwa ya chini. Sufuria za shughuli na masinia zikabidhiwe mtaa, arusi zote zipate kuzitumia. Bakisha zinazotosha wageni sita.

Ustadh
Angalizo kubwa: vyombo vya marehemu si vya kugawa kwa sababu tu nafasi imepungua. Ni mali ya warithi wote. Gharama za mazishi hutoka kwanza, halafu madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo mafungu ya warithi. Mjane mwenye mume aliyeacha watoto ana thumni, yaani sehemu moja ya nane. Andikeni orodha ya kila kitu kabla kasha halijatoka. Mkikosana, Mahakama ya Kadhi ipo.

Fundi bomba
Wapo wanaopunguza nyumba bila kuhama: hushuka chini, wakakodisha ghorofa. Hapo tatizo ni tangi, kwa kuwa mpangaji huongezewa lake juu ya dari. Lita 1,000 ni kilo 1,000, na boriti za kale zikishapata maji yanayopenya chokaa iliyopasuka huoza kwenye ncha, ndani ya ukuta, usikoona. Weka matangi mawili ya lita 500, kila moja juu ya ukuta mnene, kamwe si katikati ya chumba. Na anayeziba ukuta wa zamani kwa saruji aache: unyevu hukwama ndani, chumvi ikasukuma plasta nje. Tumia chokaa.